Punje Tatu

Jumapili, soko la Ica. Kibanda changu cha maharage
kimebanwa kushoto na Abundio muuza nyama,
kulia na mwanamke mwenye meza ya mifupa isiyouzwa.

Niliteta tangu mwanzo. Soko ni la kununua.
Yeye, Eudocia Huamaní, fundi wa mawe,
anayechokonoa miamba ya Ocucaje kwa sindano ya daktari wa meno,
kwenye jangwa ambalo, anaapa, lilikuwa sakafu ya bahari,
alitandika kitambaa cha bluu, akapanga:
jino la papa, pana kuliko kiganja changu;
sikio la nyangumi, zito, limejikunja kama kauri;
na kifundo kimoja cha mguu, cha plasta,
"kwa kuwa cha kweli," alisema, "kimelala mbali,
kwenye droo ya jumba la makumbusho."

Watu wakasimama. Walisimama mbele ya maharage yangu,
migongo yao ikinitazama.

"Nyangumi alikuwa na miguu," aliwaambia,
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.
Wakacheka. Bwana mmoja aliyetoka kanisani
akauliza kama samaki nao walivaa viatu.
Hakukasirika. Alimgeukia Abundio:
"Niazime kifundo cha mbuzi."

Abundio akakifuta damu kwa aproni, akampa.
Sote tulikijua. Utotoni tulikirusha mchangani
tukishindania vifungo vya mashati ya baba zetu:
kikiangukia huku umeshinda, kule umeliwa.
Akakiweka kando ya kile cha plasta.
Mtaro huu, na mtaro huu.
Bega hili, na bega hili.
Yule bwana akainama, akavua kofia,
sijui kwa heshima au kwa joto.

"Lini?" mtoto akauliza.
Hapo ndipo aliponigeukia mimi.
"Nipimie maharage. Ila si kwa kilo. Kwa laki."

Kila punje, miaka laki moja.
Tukahesabu, mimi na yeye na watoto sita,
punje mia nne na ishirini juu ya kitambaa cha bluu,
hadi tukamfikia mnyama yule wa kwato ndogo
aliyekuwa akilala ufukweni na kuwinda majini,
asiyejua bado kama ni wa huku au wa kule.
Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Yeye aliyavulia miguu,
na hadi leo hajamaliza kuoga.

"Na sisi watu?"
Akasogeza punje tatu pembeni.
Tatu. Hazitoshi hata kuonjea chumvi.

Mwezi wa nane aliugua mapafu. Vumbi la miaka ishirini
halitoki kwa kikohozi kimoja.
Sanduku akaleta mpwa wake, kijana wa haya nyingi,
akapanga vitu juu chini, akajificha kwenye simu.
Akaja mama mmoja na binti yake. "Hii nini?"
Kijana akameza mate.
Na mimi, niliyetaka meza ile iondoke,
nikausikia mdomo wangu:
"Hilo ni sikio, mama. Lishike.
Usiogope, limeshasikia yote."

Nikaendelea. Nilikosea jina la enzi,
nikasahau habari ya pua iliyopanda hadi utosini,
lakini nilikumbuka nyonga: kwamba ingali imo
ndani ya minofu ya nyangumi wa leo,
kijifupa kisichoshika mguu wowote,
kama msumari uliobaki ukutani picha ilipohamishwa.
Mama akauliza, "Umeyaona wapi hayo?"
Nikamjibu kweli: "Sijayaona. Nimeonyeshwa."

Binti alizihesabu punje zote, hakuruka hata moja.
Jioni nilipozikusanya zilipungua tatu.
Nilimwona akizifumba kiganjani. Sikusema.
Zile mia nne na kumi na saba
nikamuuzia mpishi wa mgahawa wa stendi.
Sikumwambia anachemsha nini.