Kukata Maji

Pete inanipwaya.
Gwamaka alinipima kwa uzi wa soksi
nikijifanya nimelala,
na mimi nikatanua kidole kwa kujizuia kucheka.

Jumapili usiku tulifungua kaunta buku jipya.
Akapiga mistari kwa rula, mwalimu ni mwalimu:
Tarehe. Ukumbi. Kamati. Wali wa watu wangapi.
"Julai," akasema, "kukiwa kukavu."
Nikamtazama.
Tukuyu hii? Hapa mvua haiji wala haiondoki,
inakwenda sokoni tu na kurudi.
"Basi Agosti, parachichi zikishalipwa."
Akaandika Agosti, akaweka alama ya kuuliza,
akaanza kuwahesabu walimu wenzake
na ahadi walizomdai yeye kwenye harusi zao.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi.
Hakugeuka.
"Barua ya posa itapokelewa na nani?"

Kalamu ikasimama.

Baba amelala chini ya migomba mwaka wa sita.
Mdogo wake, Asangalwisye, yuko ng'ambo ya kijito,
moshi wa jiko lake tunauona,
lakini tangu matanga hajavuka,
kwa sababu ya mistari minne ya michai.
Minne. Nimeihesabu.
Na ng'ombe wa mahari hafungwi kwenye kiti kitupu.

Nikachukua rula kwa Gwamaka,
nikaukata ukumbi, nikaikata kamati,
nikaandika juu kabisa, nje ya jedwali lake:
Baba mdogo.

Asubuhi, viatu vya mpira, sukari kilo mbili,
ukungu umekaa barabarani kama mwenye barabara.
Nilimkuta anakamua.
"Mwagonile, tata."
Aliitikia, ila salamu aliielekeza kwa ng'ombe.

Kisha akafunguka, mgongo bado kwangu:
ulafi wa baba yangu,
mpimaji wa ardhi aliyelishwa kuku wawili,
siku aliyofokewa mbele ya wakweze,
mama yangu na ulimi wake,
na tena mpimaji, na tena wale kuku.

Mimi ni karani wa mizani kituo cha chai.
Jani la asubuhi ya mvua huja zito,
gunia linasema thelathini,
nakata nne za maji,
mkulima ananuna, lakini jani ni jani.
Basi nikasimama pale nikimkatia.
Nikakata kuku.
Nikakata mpimaji na wakwe.
La mama yangu nililikata mara mbili, lilikuwa limelowa sana.
Kilichobaki juu ya mizani
alikisema mwisho, kwa sauti ya chini,
maziwa yakigonga ndoo:

"Mkampeleka Mbeya, hospitali.
Hakuniaga."

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumapili.
Yote yakaniishia.
"Hata mimi hakuniaga," nikasema.
"Nilikuwa nimetoka kununua vocha."

Ng'ombe akapiga mkia.
Alikamua mpaka titi likakauka, akaendelea kukamua.

Halafu: "Tusajigwe.
Huyo kijana ni wa nani?"
"Wa kina Mwasomola, wa Kiwira."
"Hm. Ng'ombe wa Kiwira ni pembe tupu.
Wasije na vile vyao vya kukohoa.
Nitawakagua mwenyewe, meno na kwato."

Sikuwahi kusikia matusi matamu kiasi kile.
Nilitazama chini, kwenye matope, nisionekane.

Alinijazia chupa ya maziwa.
Nilipofika kijitoni akaniita, mkono juu:
"Na ile michai minne msiiguse!"
Sikujibu. Niliinua chupa tu,
aitafsiri atakavyo.

Daftari liko mezani.
Tarehe bado ina alama ya kuuliza.
Ukumbi umekatwa.
Gwamaka anauliza tuendelee na nini
na mimi natafuta uzi,
niuzungushe kwenye pete kwa ndani
isije ikadondokea kijitoni,
maana kesho navuka tena.
Chupa ni yake, anaitaka.