Jani la Mwisho

Kimetoka Jadida asubuhi, jioni kiko Limbani,
kimevishwa gazeti, chanuka karafuu mbichi,
kina doa la mchuzi pale Mwana Mize
anapomchungulia mchonga kibla.

Mkasa una miaka mia sita,
na bado Raiye, muuguzi,
hajamsamehe babaake binti.
"Angetoroka usiku ule ule!"
Kagonga meza, chai imemwagika.
Zuwena kabisha: wapi!
Mwanamume mwenyewe mzito wa ulimi,
kazi kuchonga tu.

Wanaongoja kuazima ni kumi na mmoja.
Na kila anayekirudisha huuliza
jani la mwisho nani kalinyofoa.

Nachemsha chai nyingine.
Limo ndani ya foronya yangu.
Wakishajua Mize aliamua nini,
nani tena atanibishia hodi Alhamisi?