Kiini

Saa kumi na moja alfajiri, Panevėžys bado giza,
basi namba saba lanishusha kwenye lango la ghala.
Navua koti, navaa aproni,
naingia chumba kisicho dirisha.
Humo mna taa moja chini ya meza,
mkanda unaotembea,
na mayai.

Nayainua mawili mawili, nayazungusha juu ya mwanga,
nayarudisha.
Zima. Zima. Ufa. Zima.
Miaka kumi na tisa.
Niliwahi kupiga hesabu nyuma ya risiti;
sufuri zilipojaa ukingo nikaacha,
risiti nikaifungia mbegu za bizari.

Rimantas, mume wangu, hutengeneza lifti.
Kila jioni, akivua buti mlangoni, huuliza:
"Kuna jipya?"
Nami hujibu: "Mayai."
Tumezeekea ndani ya maneno hayo
kama watu wazeekeavyo nyumba ya urithi:
twajua ngazi ipi hulia.

Binti yetu Ugnė yuko Bergen, hupiga simu Jumapili.
"Mama, kiini cha maisha yako ni nini hasa?"
Namwambia, kipi, mwanangu? Nimeviona vingi.
Hacheki.

Sijamwambia habari ya Februari ile, mwaka wangu wa tatu,
nilipolia kazini (giza lina faida zake)
kwa sababu hakuna kilichotokea.
Hakuna kilichotokea, na kesho yake
hakikutokea tena.
Chozi likaangukia yai nililoshika,
nikaliinua nilipanguse,
mwanga ukapita ndani.

Sijui niseme nini. Lilikuwa yai.
Ganda lilikuwa na vitundu, mamia, vyembamba kuliko sindano,
na kiini kilielea humo, kivuli cha rangi ya chungwa;
nilipozungusha kilifuata kwa kuchelewa,
kama mtoto aamshwaye kwenda shule.
Nikalizungusha tena, bila haja.
Mkanda ukanipita na trei nzima.
Nikakatwa nusu siku.

Kazi haijabadilika, wala mshahara, karibu.
Ila sasa nayajua. Ya kuku wachanga
ni madogo, magumu, yakigongana hulia kama vikombe vya wageni.
Ya usiku wa radi huja na makunyanzi,
kama paji la mtu aliyeshtuliwa.
Genovaitė, aliyenifunza, alisema:
usifikiri, iachie mikono ifikiri.
Kastaafu, wakampa saa ya ukutani.
Mara mbili amenipigia kuuliza
kama ile taa bado inavuma kama nyuki.
Bado, nikamwambia. Akakata simu, ameridhika.

Halafu, Alhamisi.
Yai lenye viini viwili lina trei yake, huuzwa ghali.
Lenye ufa ni halali yetu.
Hili lilikuwa na vyote.
Msimamizi akalitazama, akanitazama,
akajikuna kidevu.
"Ufa," akasema.

Nikalibeba ndani ya glavu ya sufu,
nimesimama basini, sikushika chuma,
nikiyumba kwenye kila kona
kama chenyewe.

"Kuna jipya?"
Sikujibu. Nikalipasua kikaangoni.
Viini vikakaa ubavu kwa ubavu,
kimoja kikubwa kidogo.
Rimantas akasimama, buti moja mguuni, moja mkononi.
Siagi ikachacharika.
Muda ukapita, mrefu kwa yai,
kwa ndoa si kitu.
"Mayai," akasema.

Nikacheka hadi nikakaa chini.
Tukala kwa uma mmoja, chumvi ikazidi.

Leo Ijumaa. Theluji imegeuka tope,
basi limechelewa dakika nne.
Taa inavuma.
Zima. Zima.
Hili, ngoja kwanza, nilizungushe tena.