Gunia la Chini ya Ngazi

Lali, mjukuu wako Shee ameanza kupekua nyumba.
Ataka kujua kilichomo katika gunia lile
lililolala chini ya ngazi tangu mwaka ulioondoka.
Nimemwambia ni chokaa. Akacheka.
"Bibi, siku hizi kuna rangi ya kopo."

Naijua rangi ya kopo. Nimeiona ikibambuka
ukutani kwa Mwana Barke, na Mfungo Sita haujesha.

Mimi niliolewa na moshi.
Nilifika kwenu usiku wa kuwasha:
mawe ya Manda yamepangwa duara,
magogo chini, mawe juu, magogo tena,
na baba yako, Mzee Famau, kijinga mkononi,
hawashi mpaka amalize uradi wake.
"Bibi arusi," akanambia, "moto huu hauna usingizi.
Na ndia yake ni moya: kungoja."

Nikangoja. Miaka hamsini na miwili
nilingoja mawe yaive.

Jiwe lililoungua likimwagiwa maji
hulia, huvimba, hupasuka, huwa unga.
Athman wetu alikuwa na miaka minne
alipouliza kama jiwe laumia.
Ulimjibu nini? Nimesahau.
Nakumbuka tu ulimbeba begani kutwa nzima,
ukihesabu punda wa mizigo, ukikosea, ukianza tena.

Daftari lilikuwa langu. Wewe ulikuwa mtu wa msahafu,
hesabu zilikukimbia.
Nikaandika kwa herufi za chuoni:
Bwana Kupi, magunia sita, ameleta nusu.
Msikiti wa mtaani, magunia ishirini...
hapo ukanishika mkono.
"Andika magunia, Somoe. Bei usiandike."
Kurasa nyingi zina pengo hilo.
Kuna siku wanetu walikula mapengo hayo
kwa samli kidogo.

Na chokaa ya kaburi hatukuuza.
Aliyekuja na habari ya maiti alipewa debe,
hakuulizwa ni wa mlango gani.
La Athman nililijaza mwenyewe.
Nikalisawazisha juu kwa kiganja,
kama nauza.

Mwezi mzima niliswali bila kuomba kitu.
Ulijua. Hukunihubiria.
Ulisogeza mswala wako karibu na wangu,
ukaomba, ukaitikia amina mbili.

Kisha ikaja saruji, mifuko ya karatasi,
haingoji moto, haingoji mtu.
Wateja wetu walipita wakitusalimia vizuri sana,
kwa adabu ya mtu aliyenunua kwingine.
Barke akaenda Mombasa, akafungua duka la vioo.
Hukumzuia. Ulimpa punda mmoja auze nauli,
na punda mwenyewe akarudi jioni, peke yake,
akasimama mlangoni kama mdai.
Tulicheka mpaka ukakohoa.

Tanuri la mwisho tuliliwasha wawili,
kwa kuni za kuokoteza.
Likatoa gunia moja. Ukalifunga kwa kamba ya makumbi,
ukasema, "Hili si la kuuza."
Hukusema ni la nani. Hesabu hiyo hata wewe uliiweza:
nusu yako, nusu yangu.

Nusu yako ilitoka Ijumaa ile.

Leo Shee amelivuta hadi dakani, amekata kamba.
"Bibi, huu si unga. Ni jiwe."
Unyevu wa miaka kumi na mmoja umeingia,
chokaa imerudi ilikotoka.
Amegonga kwa nyundo, imevunjika pembe ndogo tu.
Nimeiosha, nimeiweka juu ya daftari
kurasa zisipeperuke.

Ameniuliza lililobaki likatupwe wapi.
Nimemwambia aliache papo hapo dakani.
Ni zuri kwa kukalia,
na magoti yangu siku hizi
hayataki ngazi.