Daftari la Mhazini

Nimeandika: mabati mia na arobaini, geji ishirini na nane.
Misumari ya bati, kilo thelathini.
Saruji mifuko kumi na minne,
miwili imekwisha kuwa jiwe.
Nimeandika kwa wino wa bluu, maana kalamu nyekundu
iliondoka na kabati,
na kabati liliondoka na ukuta.

Kimbunga hakikupiga hodi Kigombe.
Kilifika redio ikiwa kwenye matangazo ya vifo,
kikang'oa vigingi vya mwani kama apaliliaye kwa hasira,
kikazivua nyumba makuti
zikabaki fito, mbavu za ng'ombe wa kiangazi.
Kanisa letu, walilolijenga wakata mkonge
kwa kukatwa posho miezi kumi na minane,
kikalikunjua paa upande wa kusini
kama mtu afunguaye kopo la samaki.

Mabati saba tuliyakuta
juu ya choo cha Mwanakombo binti Shehe.
Ameyapanga, ameyakandamiza kwa mawe.
"Katekista," akasema, "haya ni yenu.
Nisaidieni kushusha."
Katekista Mhina akatazama juu, akatazama pembeni:
nyumba yote ilikuwa mlango mmoja
umesimama peke yake, umefungwa kufuli,
ufunguo ungali shingoni mwa mwenyewe.
"Mama," akasema, "bado hatujaanza kuyatafuta."

Hapo kwenye daftari, niandike nini?
Yamepotea? Yametolewa?
Nikaacha mstari mtupu.

Jumapili baraza likakaa nje, juu ya viti vilivyovimba maji.
Mzee Sekiete akasema nyumba ya Mungu kwanza,
hata Daudi aliona aibu kukaa ndani ya mierezi
sanduku likiwa hemani.
Akapigiwa makofi kidogo.
Mama Singano alikuwa anachambua mchele wa msaada,
hakuinua kichwa:
"Mungu hana kifua kikuu. Mtoto wa Bakari anacho."
Tukasikia ungo tu, mchele ukipepetwa.
Kikao kikaishia hapo, bila sala ya kufunga.

Basi nikaandika orodha ya kaya.
Na niseme, kwa kuwa daftari hili halisemi:
jina la kwanza lilikuwa la shemeji yangu,
ambaye paa lake lilipoteza bati moja na nusu.
Mama Singano alilisoma, akanipa wembe,
ule wa kukwangulia wino.
Karatasi ina kovu mpaka leo.
Ukiishika juani, unaona upande wa pili.

Kwaya haikufanya mazoezi ya Pasaka.
Bandari ya Tanga ilitupa kamba nene ya meli, chakavu,
wakaifumua nyuzi kwa nyuzi iwe kamba za mwani,
sauti ya kwanza ncha hii, sauti ya nne ncha ile,
wakivutana, wakigombana, wakicheka.
Ilipopungua wakakata na kamba ya kengele.
Sasa Yohana mdogo hupanda ngazi na nyundo
kuigonga kwa mkono,
na kwa kuwa anapenda kugonga, ibada huanza mapema.

Mwalimu wa madrasa alileta vijana kumi na msumeno.
Waliezeka kwa Bakari, wakaezeka kwa mjane Mntangi,
saa saba wakashuka kuswali
na mafundi wetu wakashuka nao, wakakaa kivulini
wakinyoosha misumari iliyopinda,
polepole, wasipige kelele.

Masika yameingia. Upande wa kusini bado uko wazi.
Tunasali tumebanana kaskazini
kama abiria waliokoswa na wimbi,
na mvua inakaa peke yake kwenye mabenchi ya wazee.

Jana alikuja mkaguzi wa dayosisi, amevaa viatu vyeupe.
Akahesabu, akahesabu tena,
akaweka kidole kwenye mstari mtupu.
"Mhazini, mabati saba yako wapi?"
Nje ilikuwa imeanza kunyesha.
Ng'ambo ya njia, kwa Mwanakombo,
penye mlango ule ule na kuta mpya za udongo,
yalikuwa yanapigwa, yote saba, kwa kelele.
Nikamwambia: "Yako kazini."