Vituo Vinane

Chini ya kliniki ya moyo, mjini Łódź,
kuna chumba chenye dirisha moja, na dirisha limejaa miguu:
buti za wapita njia, magurudumu ya vigari vya watoto,
theluji iliyokanyagwa hadi ikawa uji wa majivu.
Humo ndimo ninamoendesha baiskeli isiyokwenda.

Miaka thelathini na mmoja niliendesha tramu
nikiwa nimekaa vivi hivi, mgongo wima, macho mbele,
nikibeba walevi, wauguzi, maharusi,
na jeneza moja dogo ambalo leo silisemi.
Kisha Oktoba moyo ukafunga breki wenyewe
katikati ya njia panda, taa ikiwa kijani.

Lechosław, mtaalamu wa viungo, ana ndevu changa
na saa shingoni kama refa.
"Sekunde thelathini," anasema, "kama unafukuzwa.
Halafu dakika moja na nusu, kama unatoka kanisani.
Mara nane, bibi Bogumiła."
Nikamuuliza, nani ananifukuza?
"Chagua," akasema.
Nikaichagua ratiba.
Hakuna mbwa mkali kuliko ratiba.

Kanyaga.
Kanyaga kanyaga kanyaga,
mapaja yanawaka, mate yana ladha ya shaba,
kifua kinabisha hodi kutoka ndani,
mia na arobaini, mia na arobaini na mbili,
Lechosław anazisoma kama bei za viazi,
kanyaga, mwanamke, wanakungoja kwenye mvua,
kanyaga —

Kituo.

Kupumzika nako kuna kazi yake.
Miguu inazunguka taratibu, milango inafunguka, watu wanashuka.
Cha kwanza inashuka hasira.
Cha pili, daktari aliyenisemesha kana kwamba nimeshakufa.
Cha tatu anashuka mume wangu wa kwanza
bila kuaga, kama ilivyo desturi yake.

Baiskeli ya jirani yuko Wacław, fundi wa mashine za kufuma,
amepasuliwa kifua mara mbili.
Kijana akigeuka tu, Wacław analegeza ugumu,
ananikonyezea jicho, kisha anahema
kwa ufundi kuliko mimi ninayehema kweli.

Cha nne. Cha tano. Cha sita sikikumbuki.

Mara ya saba, sekunde ya kumi hivi, taa zikazimika.
Feni ikanyamaza. Nambari zikafa kiooni.
Dirishani ilikuwa giza tayari, saa kumi ya Januari.
Nayajua haya.
Umeme ukikatika kwenye waya wa juu
tramu hufa papo hapo ilipo,
na abiria wote wanakutazama wewe,
kana kwamba umeme umeuficha mfukoni.
Mguu wangu ukatafuta breki.

Lakini gurudumu lilikuwa linavuma.
Nikatazama juu, kwa mazoea tu,
kuona waya umekatikia wapi.
Dari tupu.
Waya ulikuwa mimi.

Gizani Wacław akaanza kunihesabia kwa sauti,
kumi na moja, kumi na mbili,
taratibu mno, mwizi yule, taratibu makusudi,
kati ya ishirini na ishirini na moja akakohoa kabisa,
nami nikakanyaga sekunde zake zote za magendo,
nikakanyaga hadi thelathini yake,
ambayo kwa haki ilikuwa arobaini na kitu.

Taa ziliporudi Lechosław alikuwa ameshika ukuta.
Akatazama mashine, akatikisa kichwa.
"Ya saba haihesabiwi. Haikurekodiwa."

Basi andika kwa mkono, nikamwambia
nilipopata pumzi ya kusema:
kituo cha saba, saa kumi na dakika nne,
tramu imefika bila umeme,
imechelewa kidogo, kosa la kondakta.

Wacław akainamia usukani wake, mabega yakimcheka.
Bado moja.