Jani la Kabichi

Kijijini kwetu, kati ya mwamba na ziwa,
ardhi ni finyu hata wafu hupanga.
Miaka kumi, kisha unafukuliwa
umpishe jirani.

Bibi Walburga ndiye aliyewaosha waliohamishwa.
Akawaanika juani, akawaacha mbalamwezini,
hadi wakawa na rangi ya jibini.
Kisha, kwa brashi nyembamba kama unyusi,
akawaandika majina kwenye paji:
wanaume majani ya mwaloni, wanawake waridi.

Mimi nilikuwa na miaka mitano na fulana ya haramia.
Fuvu kifuani, mifupa miwili imepishana kama mkasi,
jicho moja nimelifunga kwa kitambaa cha vyombo.
Nilijua jambo moja tu kuhusu alama ile:
palipo nayo, pana hazina.

Kwa hiyo siku nilipoiona kwenye chupa,
chini ya sinki, nyuma ya ndoo,
nilimshukuru Mungu kimyakimya.
Kizibo kilikuwa kigumu. Nikatumia meno.

Bibi hakupiga kelele. Alinipiga mkono.
Chupa ikaviringika, sakafu ikatoa povu,
ndipo akakaa chini akitetemeka.
Baba, ambaye mapipa ya kiwandani kwake yote yana picha ile,
akafoka: "Kwani hakuona? Ni sumu!"
"Ameona," bibi akasema. "Ameona mtu anacheka."

Kesho yake tukapanda ngazi hadi chumba cha mifupa.
"Huyu ni Alois, babu wa baba yako. Msalimie."
Nikamsalimia. Nikauliza miguu yake iko wapi.
Akanionyesha mifupa mirefu miwili chini ya taya:
"Hii hapa. Imebeba chumvi ya mgodini miaka thelathini.
Wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya. Gusa."
Nikagusa. Palikuwa na kinundu, kama tawini.

"Wazee walisema kichwa na mapaja vyatosha.
Siku ya ufufuo, kimoja kikumbuke jina,
viwili vitembee.
Maharamia wakaiona makaburini, wakaiba; si ndiyo kazi yao?
Wauza dawa wakawaibia maharamia.
Na wewe mama yako kakununulia mnadani."

Jioni ile aliibandua lebo,
akachora mwenyewe kitu nilichokichukia kuliko kifo:
kabichi chachu, bakuli zima, ikifuka mvuke.
Sikugusa tena chochote chini ya sinki.

Mwaka huu kodi yake imeisha.
Kasisi amenikabidhi ndani ya taulo,
mwepesi kuliko nilivyojiandaa.
Nimeandika WALBURGA. Ile R imepinda.
Waridi upande wa kulia, kama ada.
Kushoto, karibu na sikio lisilokuwepo,
nimechora jani moja, kijani hafifu, lenye mikunjo.

Kasisi ameuliza ni ua gani hilo.
Nimemwambia ni la mlimani,
huota mahali pa hatari.